Joto Lililofichwa Darini: Historia ya Ufanisi wa Umeme na Udhibiti wa Joto katika Vidhibiti vya Taa, Mji wa Morogoro na Milima ya Uluguru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vidhibiti vya taa za umeme, yaani vifaa vinavyoongoza mkondo wa umeme kabla haujaifikia taa yenyewe, kwa kurejelea mji wa Morogoro na vijiji vya Milima ya Uluguru. Hoja kuu ni kwamba safari kutoka globu hadi balasti ya sumaku, kisha balasti ya kielektroniki na hatimaye draiva ya LED, haikuliondoa joto bali ililigawa upya. Kiasi cha joto kilipungua, lakini mahali lilipokaa na mtu aliyebeba gharama yake vilibadilika. Makala yanahitimisha kwamba ufanisi unaopimwa kwa wati pekee huficha nusu ya hesabu, na kwamba historia ya Morogoro ina mafunzo mawili ya zamani, moja la kilimo na jingine la viwanda, yanayosaidia kuisoma nusu hiyo.

1.0 Utangulizi

Historia ya umeme Tanzania imeandikwa zaidi kwa kuangalia upande wa uzalishaji: mabwawa, mitambo, nyaya za msongo mkubwa na mashirika yaliyovimiliki. Upande wa matumizi umeachiwa wahandisi. Ndani ya upande huo kuna kifaa ambacho hata mtumiaji wake huwa hakioni. Kifaa hicho hukaa ndani ya kasha la bati juu ya taa ya tyubu, au kwenye kitako cha balbu, au darini kati ya mbao na mabati. Mafundi wengi hukiita choki. Katika makala haya kitaitwa balasti pale kinapoendesha tyubu, na draiva pale kinapoendesha taa ya LED. Neno vidhibiti vya taa litajumuisha vyote viwili.

Morogoro inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu tatu. Kwanza, mkoa huu ni chimbuko la sehemu kubwa ya umeme wa maji uliolisha gridi ya taifa tangu mwaka 1975. Pili, ndani ya mwendo mfupi tu ardhi hupanda kutoka mji ulio takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, wenye joto kali kati ya Desemba na Februari, hadi vilele vya Uluguru vinavyozidi mita 2,600, ambako usiku ni wa baridi na ukungu. Tatu, Morogoro ilikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya ndoto ya viwanda ya miaka ya 1970. Mambo haya matatu, yaani maji, mwinuko na kiwanda, ndiyo nguzo za mjadala unaofuata.

2.0 Nuru kabla ya Gridi

Ujenzi wa reli ya kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, na reli hiyo ikafika Morogoro mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, utawala wa Wajerumani ulianzisha huduma ya kwanza ya umeme wa umma Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi Wazungu. Tangu mwanzo, basi, umeme ulifuata reli na mamlaka. Mwaka 1920 Waingereza waliuweka chini ya idara ya serikali, na mwaka 1931 huduma hiyo ilikabidhiwa kwa kampuni mbili binafsi. DARESCO ilihudumia Dar es Salaam na miji ya reli ya kati kama Dodoma, Tabora na Kigoma kwa mitambo ya mafuta, ilhali TANESCO ilijikita kwenye maji ya Mto Pangani na mashamba ya mkonge ya Tanga. Serikali ya nchi huru ilinunua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, na kufikia mwisho wa muongo huo zilikuwa zimeunganishwa kuwa shirika moja.

Kwa Waluguru walioishi Matombo, Mgeta, Bunduki au Kinole, mabadiliko hayo ya umiliki yalikuwa habari za mbali. Nuru yao ilitoka kwenye meko, koroboi na chemli, na kwa mwenye uwezo, karabai. Katika mpangilio huo joto halikuhesabiwa kuwa upotevu. Moto uliomulika nyumba ndio uliopika, ndio uliowapasha watu usiku wa baridi, na moshi wake ndio uliohifadhi mahindi na mbegu zilizotundikwa juu ya meko. Dhana ya ufanisi kwa maana ya kutenganisha nuru na joto, kisha kuliita joto hasara, haikuwa na mahali pa kushika.

Globu ya waya iliileta dhana hiyo bila kuitamka. Globu ya wati 60 hugeuza takriban asilimia 5 tu ya umeme wake kuwa nuru inayoonekana. Sehemu iliyobaki huwa joto. Hata hivyo joto hilo lilikuwa wazi. Aliyeigusa globu iliyowaka aliungua vidole, na waya wake ulipokatika kila mtu aliuona umekatika. Globu haikuhitaji kidhibiti chochote, kwa kuwa ukinzani wa waya wake hupanda kadiri unavyopata moto, na hivyo hujizuia yenyewe. Katika hatua hii ya historia, taa na joto lake vilikaa chumba kimoja, mbele ya macho ya mwenye nyumba.

3.0 Kidatu na Thamani ya Maji

Mwaka 1975 awamu ya kwanza ya kituo cha Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, ilianza kuzalisha umeme. Awamu ya pili ilikamilika mwaka 1980 na kukifikisha kituo hicho kwenye uwezo wa megawati 204. Mitambo yake iko chini ya ardhi, na umeme wake husafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 kupitia Morogoro hadi Ubungo, Dar es Salaam. Baadaye ziliongezeka Mtera (megawati 80, mwaka 1988) na Kihansi (megawati 180, mwanzoni mwa karne hii). Kutokana na mfululizo huo, kwa zaidi ya robo karne taa ya Mtanzania wa mjini iliwaka kwa maji ya bonde la Rufiji kuliko kwa kitu kingine chochote.

Jambo hili huwezesha hesabu ambayo historia ya mabwawa haikuzoea kuifanya. Maji ya Kidatu huanguka takriban mita 175. Ujazo wa mita moja ya maji, yaani lita 1,000, ukianguka kimo hicho hutoa nishati ya takriban uniti 0.43 za umeme, iwapo mitambo ina ufanisi wa asilimia 90. Taa moja ya tyubu ya wati 36 yenye balasti ya sumaku hupoteza takriban wati 9 ndani ya balasti hiyo. Ikiwashwa saa tano kila jioni, balasti peke yake hula uniti 0.045. Kiasi hicho ni sawa na lita 105 za maji ya Kidatu, hata kabla ya kuhesabu upotevu wa njiani.

Kwa lugha ya kaya za Uluguru, hizo ni zaidi ya ndoo tano za lita 20 kila jioni, kwa taa moja, bila kupata mwanga wowote. Ulinganisho huu si wa kuchekesha. Vijiji vya milimani vilivyokuwa bila umeme ndivyo vilivyozuiwa kufungua mashamba mapya kwenye misitu ya hifadhi ili vyanzo vya maji visikauke. Maji ya Uluguru yenyewe hutiririka kupitia Mto Ruvu kwenda kunywewa Dar es Salaam, na hayafiki Kidatu. Lakini hoja ni ileile kwa mabonde yote mawili. Yule aliyetakiwa kuyatunza maji hakuwa yule aliyepata nuru, wala hakuwa yule aliyeweza kuamua balasti ipi ifungwe.

Kihansi ulionyesha kwamba gharama ya kila lita inaweza kupita mipaka ya binadamu. Chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko hayo pekee na kugunduliwa na wanasayansi mwaka 1996, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Manyunyu yalikuwa yamepungua sana baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo, na maradhi ya ukungu yakaongeza pigo. Chura huyo alisalia katika bustani za wanyama za Marekani, kabla ya baadhi kurejeshwa Tanzania mwaka 2010. Wati inayopotea darini, kwa hiyo, haikuwahi kuwa bure.

4.0 Balasti ya Sumaku: Hasara Isiyoonekana

Taa ya tyubu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Ubora wake ulikuwa dhahiri: kwa kila wati ilitoa nuru mara nne au tano ya globu. Lakini ilikuwa na tabia iliyohitaji mlinzi. Gesi ndani ya tyubu ikishawaka, ukinzani wake hushuka kadiri mkondo unavyopanda, na mkondo huo ungeendelea kupanda hadi kuiteketeza. Balasti ya sumaku ilikuwa mlinzi huyo: waya wa shaba uliosokotwa kuzunguka mabamba ya chuma. Pamoja na stata ndogo ya kuwashia, iliendesha tyubu za ofisi, madarasa, hospitali na viwanda kwa miongo kadhaa.

Hasara zake zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa joto la shaba na chuma, zile wati 9 zilizokwishatajwa, ambazo ni sehemu ya tano ya wati 45 zinazotumiwa na mfumo mzima. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuieleza. Balasti ya sumaku isiyo na kapasita ya kurekebisha huvuta mkondo wa takriban ampea 0.43 kutoka kwenye umeme wa volti 230, ingawa kazi halisi ingetosha nusu ya mkondo huo. Kwa kuwa joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, kuupunguza mkondo kwa nusu hupunguza upotevu wa nyaya hadi robo. Mita ya nyumbani haikuuhesabu mkondo huo wa ziada; uliunguza nyaya na transfoma za mtaa, na gharama yake ikabebwa na shirika la umeme, yaani na wote.

Hasara ya tatu ilikuwa ya umri. Kwenye kasha la balasti huandikwa kiwango cha joto la koili, mara nyingi nyuzi 130 za selsiasi, ambacho ndani yake ganda la kuhami waya linatarajiwa kudumu miaka kumi ya kazi mfululizo. Koili ikipita kiwango hicho, umri hupungua kwa kasi. Balasti iliyofungwa darini chini ya mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa huanza kazi jioni ikiwa tayari imepashwa moto. Dalili zake zinajulikana na kila fundi: mlio wa nyuki, harufu ya lami iliyoyeyuka, kisha giza.

Pamoja na hasara hizo, kifaa hiki kilikuwa na fadhila moja ambayo takwimu za ufanisi haziitaji. Kilitengenezeka. Stata ilibadilishwa kwa fedha ndogo, koili iliweza kusukwa upya, na shaba ya balasti iliyokufa ilikuwa na bei yake. Maarifa ya kukitengeneza yalikaa mtaani, mikononi mwa mafundi waliojifunza kwa kushika.

5.0 Kiwanda cha Viatu na Somo la Hewa

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, Morogoro ilichaguliwa kuwa mji wa viwanda. Vilijengwa viwanda vya viatu, ngozi, turubai na nguo, na umeme wa Kidatu ulikuwa sehemu ya mantiki ya uamuzi huo. Maarufu zaidi kati ya hivyo, kwa sababu isiyo ya kujivunia, ni Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwanauchumi William Easterly, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu kushindwa kwa sera za maendeleo, anakitaja kuwa kiwanda ambacho hakikuwahi kutumia zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na ambacho uzalishaji wake ulikoma mwaka 1990.

Sababu za kushindwa huko zilikuwa nyingi, zikiwemo mitambo iliyoharibika, vipuri vilivyokosekana na soko la nje lisilofikika. Lakini miongoni mwazo kuna moja inayohusu mada hii moja kwa moja. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Kwa maneno mengine, lilibuniwa kana kwamba hali ya hewa ya Morogoro haipo.

Kiwanda hicho kilikuwa, kwa kipimo cha ekari, kile ambacho kasha la balasti ni kwa kipimo cha sentimita. Vyote viwili ni maboksi ya chuma yenye kitu kinachozalisha joto ndani yake, yaliyochorwa na mtu aliyedhania kwamba hewa ya nje ni baridi. Msanifu wa kiwanda alikosea kuhusu wafanyakazi. Msanifu wa taa alikosea kuhusu koili. Tofauti ni kwamba kushindwa kwa kiwanda kuliandikwa vitabuni, ilhali kushindwa kwa taa kuliandikwa kwenye mafungu ya matumizi ya kaya na shule, mahali ambapo hakuna mwanahistoria anayepekua.

6.0 Mgao wa Umeme na Ujio wa Vidhibiti vya Kielektroniki

Utegemezi wa maji ulifichua udhaifu wake pale mvua zilipokosekana. Mgao wa umeme wa mwaka 1992, kisha wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011, uliifanya kila wati kuwa suala la kisiasa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, kulikuwa kumeanza badiliko jingine la kimya: mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mita ya zamani ilileta deni mwisho wa mwezi. LUKU iliweka mbele ya macho ya mwenye nyumba namba inayopungua. Kwa mara ya kwanza, hasara iliyofichwa darini ilipata sauti sebuleni.

Ndani ya mazingira hayo, taa za kuokoa umeme, maarufu kama enaji seva, zilipata soko. Taa za aina hiyo zilizouzwa Ulaya kuanzia mwaka 1980 zilikuwa nzito kwa kuwa zilibeba balasti ya sumaku ndani yake. Ni mwaka 1985 ndipo zilipotokea zenye balasti ya kielektroniki kwenye kitako. Kidhibiti hiki hubadilisha umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kuwa wa mizunguko kati ya 20,000 na 60,000. Katika kasi hiyo tyubu hutoa nuru ileile kwa umeme pungufu kwa takriban asilimia 10, na koili inayohitajika huwa ndogo kama kidole gumba. Tyubu iliyokuwa ikila wati 45 pamoja na balasti yake ya sumaku huhitaji takriban wati 36 tu ikiwa na balasti ya kielektroniki: wati 32 za tyubu na 4 za kidhibiti. Mlio ulikoma, kumetameta kulikoma, na upotevu wa kidhibiti ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Serikali mbalimbali zilitambua faida hiyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2000 agizo la kuziondoa sokoni balasti zenye hasara kubwa. Uganda, ikikabiliwa na ukame wa Ziwa Victoria, iligawa mwaka 2007 takriban taa 800,000 za kuokoa umeme kwa wananchi. Kwa mtazamo wa gridi, taa inayopunguza mahitaji ya saa mbili usiku ni sawa na mtambo mpya, tena usiohitaji mvua.

Lakini joto lilikuwa limehama. Katika balasti ya sumaku lilienea kwenye kilo nzima ya chuma. Katika enaji seva lilikusanyika kwenye kitako cha plastiki kinachoenea kiganjani, likizungukwa na transista, diodi na kapasita. Sehemu dhaifu zaidi kati ya hizo ni kapasita ya elektroliti. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba umri wake hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kapasita iliyokadiriwa kudumu saa 5,000 kwenye nyuzi 105 itadumu saa 20,000 kwenye nyuzi 85, lakini saa 10,000 tu kwenye nyuzi 95. Kwa hiyo nyuzi chache ambazo balasti ya sumaku ingezivumilia ziligeuka kuwa tofauti ya miaka.

Hapa ndipo mwinuko wa Uluguru unapoingia kwenye historia ya elektroniki. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Taa moja, ya kiwanda kimoja na sanduku moja, ikifungwa Msamvu iliyo mita 500 na nyingine ikifungwa kijijini kwenye mita 1,500, ile ya milimani inatarajiwa, kwa kanuni hiyohiyo, kudumu takriban mara moja na nusu ya ile ya mjini. Muda unaoandikwa kwenye boksi si sifa ya taa pekee. Ni makubaliano kati ya taa na mahali.

7.0 Taa za LED na Umeme wa Vijijini

Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, uliharakisha kufikisha nyaya katika vijiji ambavyo kizazi kizima kilikuwa kimezitazama nguzo za Kidatu zikipita kwa mbali. Vijiji vingi vya Uluguru viliruka hatua ya tyubu kabisa, vikahama kutoka chemli na tochi moja kwa moja hadi LED. Teknolojia hiyo ilikomaa baada ya kupatikana kwa diodi ya nuru ya buluu, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014.

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa nuru ya globu ya wati 60. Watumiaji wengi huamini kwamba haina joto, kwa sababu kioo chake hakiunguzi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya umeme wake bado huwa joto. Globu ililirusha joto lake hewani kama mionzi. Diodi haiwezi kufanya hivyo, bali hulipitisha nyuma, kupitia bamba lake hadi kwenye mwili wa balbu. Huko nyuma ndiko draiva ilikokaa. Draiva nzuri hupoteza asilimia 10 hadi 15 tu, lakini hupokea pia joto la diodi ambalo si lake. Mwili wa alumini wenye mapezi hulitoa nje. Mwili wa plastiki nyembamba hulifungia ndani. Mnunuzi dukani huwezi kuiona tofauti hiyo kwa macho, na mara nyingi hulipia bei tu.

Ugumu huo huongezwa na ubora wa umeme wenyewe. Mwishoni mwa njia ndefu ya kijijini, volti hushuka jioni watu wengi wanapowasha vifaa, na hupanda ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika. Balasti ya sumaku ilikataa kuwaka volti ziliposhuka, lakini haikufa. Draiva yenye ubora huhimili mshuko na mpando. Ile iliyopunguziwa sehemu za kinga ili ishushwe bei hufa siku umeme unaporudi. Balbu iliyoahidiwa saa 15,000, ikitumika saa tano kwa siku, ingepaswa kuvuka miaka minane. Ikifa baada ya mwaka mmoja, imetoa asilimia 12 tu ya ahadi yake, na haifunguki kutengenezwa.

Hatua za kisera hazikukosekana. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina wajibu wa kusimamia ubora wa bidhaa za umeme. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, kwa pendekezo lililotoka kanda ya Afrika, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kuziondoa enaji seva kufikia mwaka 2025, na mwaka 2023 kuziondoa tyubu kufikia mwaka 2027. Hivyo enzi ya balasti inafungwa kwa sheria, na uzito wote unahamia kwenye draiva.

8.0 Mjadala: Nani Hubeba Joto?

Uluguru imewahi kufundishwa teknolojia iliyokuwa sahihi kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 utawala wa Kiingereza uliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko na kulinda mito. Lengo halikuwa baya. Lakini kazi ilifanywa na wakulima, udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu, mavuno hayakuongezeka, na faida ya maji masafi ilionekana mbali, bondeni. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke, katika utafiti wao wa mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, walionyesha kwamba tatizo lilikuwa la mamlaka na mgawanyo wa mzigo zaidi ya lile la ujuzi wa kilimo.

Mfano huo hauna maana kwamba LED ni matuta mapya. Hakuna aliyelazimishwa kuinunua, na faida yake kwa kaya ni halisi. Unasaidia kuuliza swali sahihi. Taifa linapohesabu ufanisi, huhesabu wati zilizookolewa kwenye gridi saa mbili usiku. Hesabu hiyo hutimia hata balbu ikifa baada ya mwaka, mradi mwenye nyumba anunue nyingine. Hasara ya umri mfupi haionekani kwenye gridi. Huonekana mfukoni mwa mkulima wa Mgeta, na kwenye shimo la taka linalopokea plastiki, alumini na sakiti zisizotengenezeka. Kama ilivyokuwa kwa matuta, faida hukusanywa bondeni na mzigo hubaki mlimani.

Inaweza kupingwa kwamba bei ya balbu ni ndogo na kwamba hata balbu mbovu hulipa gharama yake ndani ya miezi kadhaa ikilinganishwa na globu. Pingamizi hili lina nguvu kwa kaya iliyotoka kwenye globu. Halina nguvu kwa kaya iliyotoka kwenye chemli, ambayo haikuwa na bili ya globu ya kuokoa. Kwake, umri wa balbu ndio ufanisi wenyewe. Wala halina nguvu kwa zahanati ya kijijini, ambako taa inayozima usiku wa kujifungua hailipwi kwa uniti zilizookolewa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya vidhibiti vya taa ina hatua tatu za makazi ya joto. Kwenye globu joto lilikaa hadharani na halikuhitaji mlinzi. Kwenye balasti ya sumaku lilifichwa darini, likala ndoo tano za maji kila jioni, lakini ndani ya kifaa kilichotengenezeka. Kwenye balasti ya kielektroniki na draiva limekuwa dogo kwa kiasi, lakini limesogea karibu na sehemu dhaifu kabisa ya kifaa, kiasi kwamba nyuzi kumi zinaamua nusu ya umri wake.

Inafuata kwamba kipimo cha ufanisi kinachofaa mahali kama Morogoro si wati peke yake, bali nuru inayopatikana kwa umri mzima wa kifaa, katika joto la mahali kinapofungwa na katika volti zinazofika hapo. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji, ulianza kuzalisha umeme. Wingi huo unaweza kuifanya hoja ya ufanisi ionekane imepitwa na wakati. Historia iliyochunguzwa hapa inaelekeza kinyume: uhaba wa maji haukuwa sababu pekee ya kuhesabu joto. Kiwanda cha viatu kilikuwa na umeme wa kutosha, na bado kilikosa hewa.